Thamani ya Mke Mwenza

TANGAZO KUU LA JUU KABISA

"Kwa amri ya Mamlaka ya Juu, ambayo juu yake hakuna kitu ila mawingu, wananchi wote wa Jamhuri Tukufu wanatangaziwa kwamba lori kuukuu lililoko uani kwa Bi Siwema, kijiji cha Matutuni, ni Hazina ya Taifa yenye thamani isiyokadirika. Mtu yeyote atakayelibomoa, atakayelisogeza, atakayelipima kwa mizani ya vyuma chakavu, au hata kulitazama kwa tamaa, atakiona cha mtema kuni. Tangazo hili ni halali kwa sababu lina muhuri."

Na kweli lilikuwa na muhuri: kiboko, nembo ya taifa, kwa wino wa zambarau. Tangazo lilikutwa asubuhi limebandikwa kwenye mlango wa lori kwa uji wa mahindi, na jua lilipopanda kuku wa Bi Siwema walikuwa wamekwisha kuzila kona mbili za chini.

Nieleze mapema kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwa mbali, nikisoma kwa bidii. Nayasimulia haya kama nilivyoyasikia kwa watu wakweli, na msomaji asiniulize nimejuaje kwamba uji wenyewe ulikuwa mzito kidogo.

Nchi yenyewe siitaji jina. Wiki ile jina lake lilikuwa likibadilishwa, na jipya lilikuwa bado halijarudi kutoka kwa mchapaji.

*

Lori lile lilinunuliwa na Mzee Kapilima, mume wa Bi Siwema, zamani za ujana wao, na alilipenda kupita kiasi. Aliliosha kabla ya kuoga mwenyewe. Likikohoa mlimani alishuka akalipa pole. Akisafiri nalo, alirudi na khanga moja ya mkewe na matairi mawili ya lori. Ndipo Bi Siwema alipolipa jina la Mke Mwenza, na kijiji kizima kikalishika jina hilo.

Mzee alipofariki, wake wale wawili walibaki uani wakitazamana. Bi Siwema alinuna mpaka arobaini ikapita. Kisha akaona hakuna faida ya kumwonea chuma wivu. Akaita mafundi, wakamnyanyua Mke Mwenza nyuma kwa magogo, wakavua tairi moja, wakapitisha mkanda wa turubai kutoka kwenye ringi hadi kwenye mashine ya kusaga. Tangu siku hiyo Mke Mwenza hakwenda popote, lakini alisaga. Gia ya pili kwa mtama, ya tatu kwa mahindi. Ya nne ilijaribiwa mara moja tu, na unga uliokotwa hadi juu ya paa la kanisa.

Ubavuni mwake bado yalisomeka maneno aliyoyaandika marehemu kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja kubwa, moja ndogo, moja imelala: PITA KAMA UNAWEZA. Asubuhi, kabla ya kupiga hendeli ya kuliwashia lori, Bi Siwema aliyapangusa maneno hayo kwa upindo wa khanga. Alisema anafuta vumbi.

*

Mwaka ule Serikali ilitangaza vita dhidi ya uchakavu. Wakala wa Vyuma Chakavu, chini ya Bwana Shembago, ulipita vijijini ukizoa kila chuma kisichong'aa. Walichukua majembe yaliyokuwa yamepumzika. Walichukua ringi iliyokuwa kengele ya shule ya Matutuni, na kwa kuwa bila kengele kipindi hakiishi, somo la hesabu lililoanza asubuhi liliendelea hadi magharibi. Wanafunzi walilia. Mwalimu naye alilia, maana hesabu alizozijua zilikuwa zimekwisha tangu saa sita.

Bwana Shembago alipofika uani kwa Bi Siwema, alimzunguka Mke Mwenza kama mchinjaji anavyomzunguka fahali.

"Huyu ana tani mbili na ushee," alisema.

"Huyu anasaga, mwanangu," Bi Siwema alisema. "Kijiji kizima kinakula kwa huyu."

"Mama, sheria haiulizi kinachosaga. Sheria inasema kitu kikuukuu ama ni Hazina, ama ni Chakavu. Kikiwa Hazina ni cha Serikali. Kikiwa Chakavu ni cha Serikali."

"Na cha mtu je?"

Bwana Shembago alifikiri kwa uaminifu mkubwa. "Hicho hakikutajwa," alisema. "Jumatatu naja na kreni."

Mwisho wa wiki ile Bi Siwema hakula. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akachambua mchele uleule mara tatu. Nyumbani alikuwepo mjukuu wake, Zamda, aliyetoka shule ya bweni kwa ruhusa yenye muhuri halali wa mwalimu mkuu. Zamda ni msichana mpole, mwenye haya, na katika miaka yake yote shuleni hajawahi kuonekana akitenda kosa. Alimpikia bibi yake uji, akambembeleza, akaaga, akarudi kwenye masomo yake. Simtaji tena.

Jumatatu kreni ilikuja na kulikuta tangazo. Bwana Shembago alilisoma, akalirudia, akaona muhuri, akabana visigino na kuipigia karatasi saluti. Kreni ikaondoka kinyumenyume, kwa heshima. Bi Siwema alipiga vigelegele, akapiga hendeli, na Matutuni ikasaga mpaka giza likaingia.

Laiti mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye raha.

*

Habari za tangazo zilifika mji mkuu. Rais mwenyewe alilisifu redioni kuwa ni tangazo lenye meno, akasema anatamani kumjua aliyeliandika. Kufikia jioni, wakurugenzi watatu wa Wizara ya Urithi walikuwa wamekwisha kujitokeza, kila mmoja akiapa kwamba ni yeye. Wote watatu walivishwa nishani. Hakuna aliyeuliza nakala ya tangazo iko wapi; kuuliza kungekuwa kama kumwomba bwana harusi cheti cha kuzaliwa.

Tatizo likabaki moja. Rais alikuwa amesema, "thamani isiyokadirika", na mhasibu wa taifa hakuwa na pa kuiweka thamani ya namna hiyo. Ikaundwa Kamati ya Kukadiria Yasiyokadirika, mwenyekiti wake Dakta Pazi Mwinjuma, daktari wa mambo kadhaa.

Sasa, katika nchi ile mgeni wa Serikali haonyeshwi kitu kilivyo. Huo ndio ustaarabu wao. Kabla hajafika, mawe ya njiani hupigwa chokaa, miti huvishwa soksi nyeupe, mashimo hufunikwa majani, na mbuzi anayechelewa kuondoka njiani huenda nyumbani akiwa na mistari ya chokaa. Mafundi rangi wa tarafa walipofika uani kwa Bi Siwema, hawakungoja kukaribishwa. Walimpaka Mke Mwenza kijani kibichi kuanzia boneti.

"Huku ubavuni mniachie," Bi Siwema alisema. "Hayo ni maandishi ya mume wangu."

"Mama, mgeni akikuta 'Pita kama unaweza' atadhani anachokozwa."

"Basi pakeni mpaka kwenye 'kama'."

"Tumepewa rangi ya lori zima, mama. Ikibaki tutaulizwa."

Bi Siwema alimshika fundi mkono wenye brashi. Fundi alingoja kwa adabu mpaka mkono wa bibi ukachoka. Kisha akaendelea, herufi baada ya herufi, na juu yake akaandika kwa unyoofu wa kupendeza: KARIBUNI WAGENI.

*

Dakta Pazi alishuka garini, akapanda juu ya kinu cha kutwangia alichogeuziwa, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Wapo wasemao kwamba thamani isiyokadirika haiwezi kukadiriwa. Nawauliza: bila kuikadiria, tutajuaje kwamba haikadiriki?"

Watu walipiga makofi, wengine kwa sababu walikuwa wameambiwa, wengine kwa kufukuza mbu.

Dakta akamzunguka Mke Mwenza, mikono nyuma. Akagusa rangi. Akanusa kidole. Akawageukia wajumbe wake kwa huzuni.

"Lori hili ni jipya."

"Lilipakwa jana, baba," Bi Siwema alisema.

"Hazina haipakwi rangi, mama. Hazina huchakaa kwa hadhi yake. Mimi hapa naona kitu kilichotoka kiwandani juzi."

Kamati ikajifungia kwenye ofisi ya kijiji, ikatoka na azimio: lori lizeeshwe mpaka lifanane na umri wake. Vijana wakapewa msasa na ndoo za maji ya chumvi. Walisugua na kumwagia siku kadhaa, na kwa sababu walipokea posho kwa siku, hawakuwa na haraka. Rangi ya kijani ikatoka. Chini yake ikatoka ile ya zamani. Juu ya hiyo yakatokea maandishi ya marehemu, yakaonekana kwa dakika chache, na Bi Siwema akawahi kupaza sauti, "Simameni hapo! Hapo hapo!" Lakini msasa ulikuwa umekwisha kupita. Likabaki bati tupu, na juu ya bati kutu ikaota kama upele.

Asubuhi moja Bi Siwema alipochungulia nje, alimwona Bwana Shembago wa vyuma chakavu ameegemea ua, anatabasamu.

"Naona anaiva," alisema.

Ikabidi Kamati itumie vipimo vingine. Dakta Pazi alieleza kwamba katika taaluma yake kitu huthaminiwa kwa makalio yaliyokikalia. Kiti cha fundi viatu ni kiti. Akikikalia waziri, ni historia.

"Mama, fikiri vizuri. Baba wa Taifa hili, katika safari zake za kupigania uhuru, aliwahi kulipanda lori hili?"

"Hata siku moja."

"Aliwahi kuliegemea?"

"Alilipita, baba. Sisi tulikuwa tumekwama kwenye tope, mume wangu yuko chini uvunguni, mimi nasukuma. Msafara wake ukapita mbio, ukatumwagia tope toka utosini. Hawakusimama."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alivua kofia.

"Tope la Baba wa Taifa!" Dakta Pazi alinong'ona. "Liko wapi?"

"Tuliosha."

"Mliosha?"

"Lilikuwa tope, baba."

Dakta alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua, alisema kwamba mwananchi wa namna hii hawezi kuachiwa urithi wa taifa. Akaamuru Mke Mwenza azungushiwe utepe, hendeli ichukuliwe kama kielelezo, na awekwe askari wa kulinda mpaka makadirio yakamilike. Mashine ya kusaga isiguswe, maana mtikisiko unaweza kudondosha thamani.

*

Askari aliyewekwa aliitwa Koplo Machumu. Hendeli aliikalia, maana hakupewa kiti.

Kinu kingine cha kusaga kilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Vinu vya kutwangia vilikuwa vimegeuzwa majukwaa ya kuhutubia, vingi vikapasuka. Kwa hiyo Matutuni ikala mahindi mazima. Kande asubuhi, kande mchana, kande usiku. Watoto walianza kutema mate kila waliposikia neno lenyewe. Vikongwe wasio na meno walikunywa mchuzi wake na kutazama ukutani. Watu walikuja na vikapu vya mahindi hadi kwenye utepe, wakasimama, wakageuka navyo, na kila aliyegeuka alimtupia jicho Bi Siwema, kana kwamba yeye ndiye aliyejitakia kuwa na kitu cha thamani.

"Shikamoo, bibi," Koplo alisema kila alipoletewa sahani.

"Marahaba. Kula."

"Leo nini?"

"Unaona nini?"

Koplo alitafuna polepole upande wa kushoto. Wa kulia jino lilikuwa limekwisha kukatika. "Bibi, mimi kwetu tunakula ugali. Mama yangu alinilea kwa ugali. Hata jeshini walijua."

"Basi nipe hiyo hendeli uliyoikalia. Debe moja tu. Utakula ugali leoleo."

"Hapana, bibi."

"Nani atakuona?"

"Si kuonwa. Mimi ni mtu wa karatasi. Karatasi ikisema simama hapa, nasimama. Hata nikiota nimekwenda nyumbani, naamka na kujilaumu. Lakini ikija karatasi yenye muhuri inasema saga," na hapo alishusha sauti, macho yakamlegea, "bibi, nitapiga hendeli mimi mwenyewe kwa mikono hii. Nitasaga mpaka mhame kijiji kwa wingi wa unga."

"Wewe huna akili," Bi Siwema alimwambia, bila hasira.

"Ndiyo, bibi. Nina karatasi."

*

Bi Siwema alivaa khanga zake za Idi, akaenda mji mkuu. Alikuwa na ombi moja tu, na njia nzima alilisema moyoni asije akalisahau: lifuteni tangazo. Semeni lori halina thamani kwa Serikali, wala kwa Chakavu, ni la mama mmoja anayesaga.

Wizarani alipelekwa kwa mkurugenzi wa kwanza aliyeandika tangazo. Mkurugenzi alifungua mdomo kusema lifutwe, akaona nishani kifuani mwake, akaufunga. Alimpeleka kwa wa pili. Wa pili alimpeleka kwa wa tatu. Wa tatu alimpeleka kwa Dakta Pazi, aliyekuwa na tangazo lenyewe mezani, limekatwa kwenye mlango wa lori pamoja na bati lake, na nukta za midomo ya kuku.

"Mama, tangazo halifutwi," Dakta alisema. "Tangazo hupingwa tu na tangazo lingine lenye muhuri wa namna hiyohiyo. Muhuri wenyewe ni huu, ona, kiboko wa taifa, ambaye tangu uhuru hutazama..."

Akachukua sarafu mfukoni, akailinganisha na tangazo. Akatazama picha ukutani. Akatazama bendera dirishani. Kila mahali kiboko wa taifa alitazama kulia, ambako, kama kila mtoto wa shule alivyofundishwa, ndiko yaliko maendeleo. Kwenye tangazo alitazama kushoto.

Bi Siwema aliuona uso wa Dakta ukibadilika, akapata tumaini kwa mara ya kwanza tangu kreni ije.

"Kumbe si la kweli!" alisema. "Baba, si la kweli hilo! Mtu ameghushi! Nirudishieni hendeli yangu!"

"Mama, keti."

"Mwenyewe umeona!"

"Mama, nakuomba uketi." Dakta alijifuta jasho. "Tangazo hili limesifiwa na Rais. Wakurugenzi watatu wamevishwa nishani. Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Taifa yenye magari manne. Sasa wewe unaniambia kwamba mwenye makosa ni tangazo?"

"Nani tena?"

Dakta Pazi alitazama nje dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza sauti ya historia, na huenda kweli alikuwa anaisikiliza.

"Kiboko," alisema.

Na wiki ile ikatoka amri kwamba kiboko wa taifa, baada ya kutafakari kwa kina, ameamua kutazama kushoto. Sarafu zikarudishwa zikapigwa upya. Bendera zikashonwa upya. Walimu wakafundisha kwamba maendeleo yamehama. Sanamu kubwa ya kiboko mbele ya Bunge ilinyanyuliwa kwa kreni ileile ya Bwana Shembago, ikageuzwa, na tangu siku hiyo wabunge huingia kazini wakipitia nyuma yake.

Bi Siwema alirudi Matutuni na khanga zake za Idi zimejaa vumbi. Njiani alinunua andazi, akalishika tu mpaka likakauka.

*

Hatimaye Kamati ilirudi kusoma makadirio. Vinu vilivyosalia viligeuzwa. Bwana Shembago alikuja pia, kwa ajili ya tahadhari.

"Baada ya utafiti wa kina," Dakta Pazi alisoma, "Kamati imegundua kwamba thamani ya lori hili ni kubwa mno kuruhusu litumike, na ni ndogo mno kustahili gharama ya kulihamisha. Kwa hiyo litabaki hapa lilipo, daima, chini ya ulinzi. Halitasaga. Hazina ya taifa haisagi."

Makofi hayakusikika. Hata mbu walikuwa wameondoka.

"Na sisi tule nini?" Bi Siwema aliuliza.

"Fahari, mama. Vijiji vingapi vina kitu kama hiki?"

"Baba, nakwambia neno la mtu mzima. Lori hili thamani yake ni unga. Sijasoma, lakini hilo nalijua, na kila mtu hapa analijua, mpaka huyu Koplo wako analijua. Liliwashwa, tukala. Mmelizima, tuna njaa. Kamati nzima mmekuja mkalipaka, mkalikwangua, mkalinusa, mkaniuliza habari za makalio. Hakuna hata mmoja wenu aliyeomba liwashwe alione linafanya nini!"

Koplo Machumu alitazama buti zake. Dakta Pazi alifikiri, akainamia karani wake.

"Andika," alisema. "Wananchi walilipokea kwa hisia kali."

Wakapanda magari yao manne, wakaenda.

*

Shule zilifungwa, na Zamda, yule msichana mpole niliyesema simtaji tena, akarudi nyumbani na tranka lake la bati. Alikuta kande. Alikula bila kunung'unika, jambo ambalo bibi yake angepaswa kulitilia shaka.

Jioni ile Bi Siwema alitafuta kipande cha sabuni. Akafungua tranka la mjukuu wake. Chini ya sketi, ndani ya soksi moja isiyo na mwenzake, akakuta kitu kigumu, kimekunjamana kama kidole gumba cha mzee, chenye rangi ya zambarau. Kilikuwa nusu ya kiazi ulaya, kimekauka. Upande uliokatwa ulikuwa umechongwa kwa wembe.

Bi Siwema alikwenda jikoni, akakisugua kiazi kwenye masizi ya sufuria, akakigandamiza katika kiganja chake. Akasogea kwenye taa.

Kiganjani alikaa kiboko, mnene, mdomo wazi. Anatazama kushoto.

"Zamda."

Wasomaji wapendwa, nilikuwa nimekusudia hadithi hii iendelee vizuri tu bila mimi. Lakini bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni na mkono umenyooshwa, na mbele ya mkono ule hata mtu aliyezoea kuhojiwa na walimu wa zamu hupoteza ufasaha. Kwa hiyo inabidi niache kusema "Zamda" na niseme "mimi".

"Abee, bibi," nilisema mimi.

"Hiki nini?"

"Kiazi, bibi."

"Naona ni kiazi. Nilikula viazi kabla mama yako hajazaliwa. Nauliza, huyu ndani yake ni nani?"

Nilijaribu kwanza kusema ni sanaa. Kisha nikasema ni cha rafiki yangu. Kisha nikaona macho yake, nikapiga magoti.

Nilieleza yote. Kwamba Shembago alikuwa anakuja na kreni, na yeye bibi alikuwa anachambua mchele uleule mara tatu, na mimi sikuweza kuvumilia kutazama. Kwamba shuleni mimi ndiye fundi wa mihuri. Nusu ya pili ya kiazi kilekile ilikuwa muhuri wa mwalimu mkuu, ndiyo iliyonipa ruhusa ya kuja nyumbani.

"Kumbe ruhusa zile..."

"Zote, bibi."

Kwamba nilinakili kiboko kutoka kwenye sarafu, nikamchonga akitazama kulia kama alivyokuwa, nikasahau kwamba muhuri hugeuza. Kwamba uji ulibaki kwenye sufuria, na gundi sikuwa nayo. Kwamba nilitaka Shembago aogope tu, basi. Sikujua kwamba Serikali nayo itaogopa.

"Nitakwenda mji mkuu, bibi," nilisema. "Nitakiri mbele yao."

"Watakuvisha nishani," alisema, "au watakufunga kwa kudai kazi ya wakurugenzi. Unga hawatatoa." Akakikunja kile kiganja chenye kiboko. "Maandishi ya babu yako, Zamda. Nilikuwa nayapangusa kila asubuhi."

Kwa hilo nililia kilio cha kweli, ambacho sikukizoea.

Bibi alitoka nje. Nilimsikia akizungumza na Koplo Machumu kwenye utepe, sauti ya chini. Nilimsikia Koplo akisema, kwa shauku ya mtu mwenye upande mmoja wa kutafunia, "Yenye muhuri, bibi. Mradi tu iwe na muhuri." Kisha bibi akarudi ndani. Mkononi alikuwa na kiazi kibichi, kikubwa, kimeoshwa. Akakiweka mbele yangu pamoja na wembe, akakokota kigoda, akaketi.

"Huyo kiboko wa Serikali," alisema, "siku hizi anatakiwa kutazama wapi?"

"Kushoto, bibi. Wamembadilisha."

Akaipandisha taa utambi, akaisogeza karibu yangu.

"Basi chonga vilevile ulivyokosea."